Aliyebarikiwa Akichechemea

SOMO LA JUMA. Soma kwanza: Mwanzo 32:22-32 na Mwanzo 35:27-29.

Majuma machache yaliyopita, watu wakishatoka ibadani, ndugu mmoja alibaki ameketi kwenye benchi ya nyuma. Aliumia mgongo mwaka juzi. Tumemwombea hapa mbele mara nyingi, na kweli amepata nafuu: anatembea, analala usiku. Lakini kazi ya kubeba vitu vizito haiwezi tena, na ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, kwani imani yangu ina kasoro gani?"

Nilikuwa na jibu la haraka mdomoni, lile tunalopeana sote. Nikalimeza. Leo namjibu polepole, na nitaanza na mtu ambaye wengi wetu tulimshangilia kwenye televisheni.

David Rudisha ni Mmaasai wa Kilgoris, kule mbele ya Narok. Alizaliwa Desemba 1988. Baba yake, Mzee Daniel Rudisha, alikuwa kwenye timu ya Kenya ya kupokezana vijiti iliyoshinda medali ya fedha katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, mita 400 mara nne. Kwa hiyo habari za Olimpiki kijana hakuzipata redioni tu, zilikuwa habari za baba yake. Alipokua akafundishwa kule Iten na Brother Colm O'Connell, na Agosti 2010 akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili ndani ya juma moja, kwanza Berlin halafu Rieti kule Italia. Kisha ikaja London, tarehe 9 Agosti 2012. Si mnakumbuka? Aliongoza toka mwanzo mpaka mwisho, dakika 1 na sekunde 40.91. Kabla ya usiku ule hakuna mwanadamu aliyekuwa amekimbia mita 800 chini ya 1:41.

Mwaka uliofuata, 2013, goti likaumia. Alifanyiwa upasuaji, na Mashindano ya Dunia ya Moscow yakampita akiwa nyumbani. Hebu fikiria, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumfikia, sasa anajifunza upya kuuamini mguu wake. Aliporudi mwaka 2014 kule Eugene, Marekani, alimaliza wa saba. Wa saba! Mwaka huohuo kule Glasgow, Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashindwa na Nijel Amos wa Botswana, akachukua fedha. Watu wakaanza kusema amekwisha. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia tena, Beijing. Halafu mwaka 2016 Rio akatetea dhahabu yake ya Olimpiki kwa 1:42.15, ingawa katika mbio za mchujo hapa nyumbani Kenya alikuwa wa tatu tu.

Hapa ndipo sisi Wapentekoste hupenda kufunga Biblia na kupiga vigelegele. Tunapenda ushuhuda unaoishia Rio. Aliumia, akangoja, akarudi, akashinda, haleluya. Nami nimehubiri hivyo, tena zaidi ya mara moja, na sikukosea, maana Mungu hurudisha. Lakini ushuhuda wa Rudisha haukuishia Rio.

Mwaka 2017 msuli wa paja ukamkatalia, akakosa Mashindano ya Dunia ya London, mji uleule alioutetemesha. Machi 2019 baba yake, Mzee Daniel, akafariki. Yule aliyemwonyesha njia hakuwepo tena. Agosti mwaka huohuo gari lake likagongana na basi karibu na Keroka, akatoka mzima. Mei 2020, akitembea tu nyumbani Kilgoris, si kwenye mbio wala mazoezi, akakanyaga vibaya na kifundo cha mguu kikavunjika. Upasuaji tena. Olimpiki ya Tokyo ilikimbiwa bila yeye, na hakupata tena kusimama kwenye mstari wa Olimpiki.

Sasa niulize: je, huyu mtu alishindwa?

Turudi kwa Yakobo. Wengi tunaikumbuka Penieli kwa lile neno la kung'ang'ania baraka. Usiku kucha anapigana mweleka, hakubali kumwachilia mpaka abarikiwe, na kweli anabarikiwa, anapewa hata jina jipya. Lakini soma aya ya 31 taratibu. Jua linachomoza, na yule mtu aliyebarikiwa anachechemea. Mguso uliomuumiza na baraka vilitoka kwa mkono mmoja, usiku mmoja. Biblia haituambii popote kwamba nyonga ilirudi ilivyokuwa. Wala haimlaumu Yakobo kwa hilo. Hakuna aliyemwendea asubuhi ile kumwambia kwamba hakuomba vya kutosha.

Tena angalia sura ya 35. Yakobo anafika kwa baba yake Isaka, na Isaka anakufa. Aliyetoka kwao akikimbia kwa miguu mizima anamzika baba yake akiwa na mguu mbovu, na pembeni yake yuko Esau, ndugu aliyewahi kukusudia kumuua. Walimzika pamoja. (Nyinyi mnaogombana juu ya shamba kabla hata kaburi halijakauka, hilo nalo ni somo la siku nyingine.) Kumbe baraka ya Penieli haikuwa mguu. Ilikuwa uwezo wa kusimama tena karibu na ndugu yake.

Rudisha pia aliendelea. Ni mlezi wa michezo ya Wamaasai iliyoanza mwaka 2012 kule Kajiado, ambapo morani hushindana kukimbia, kuruka na kurusha mikuki badala ya kuonyesha ushujaa kwa kuua simba. Alikuwa ametoka huko Desemba 2022 ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka, naye akatoka hai tena. Miguu ambayo haishindani tena imekuwa ikisimama pembeni ya uwanja, ikitazama vijana wa watu wengine wakikimbia.

Kwa hiyo, ndugu wa benchi ya nyuma, sijaona kasoro katika imani yako. Tutaendelea kukuombea mgongo, usidhani tumechoka. Lakini tumekuwa tukiomba kana kwamba Mungu ana jibu moja tu, na wewe umebeba aibu ambayo si yako. Hilo kosa ni letu, mimi nikiwa wa kwanza.

Kwa ushirika wa nyumbani Jumatano: kila mtu aseme jambo moja aliloomba lirudi na halikurudi. Msiharakishe kutiana moyo. Sikilizeni kwanza. Halafu semeni, je, kanisa lilikuambia nini wakati huo, na je, lilikusaidia au lilikuumiza? Tena kuna kazi ya kukaa kwenye geti pale kwenye ujenzi wa ukumbi wetu. Wazee wa kanisa wanajua ninamfikiria nani. Tulijadili hilo pia.