Kurefusha Maisha: Kutenganisha Sayansi na Madai ya Biashara

Katika Sensa ya mwaka 2002, wastani wa umri wa kuishi nchini Tanzania ulikuwa takribani miaka 51. Kufikia Sensa ya mwaka 2012, ulikuwa umepanda hadi takribani miaka 62. Ongezeko hilo halikuletwa na kidonge chochote cha kuzuia uzee. Lilitokana kwa sehemu kubwa na chanjo za watoto, vyandarua vyenye dawa, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilizoanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayetaka kupima madai ya dawa za kurefusha maisha hana budi kuanza na ukweli huo.

Wastani si kikomo

Wastani wa umri wa kuishi hufahamika vibaya mara nyingi. Tuchukue watu wawili: mmoja afariki akiwa mchanga, mwingine akiwa na miaka 80. Wastani wao ni miaka 40, ilhali hakuna kati yao aliyefariki akiwa na umri huo. Vivyo hivyo, wastani wa zamani ulikuwa mdogo hasa kwa sababu watoto wengi walikufa. Wazee walikuwapo vijijini tangu enzi za mababu.

Kwa hiyo, kupanda kwa wastani hakuthibitishi kwamba kuzeeka kwenyewe kumepunguzwa kasi. Umri mkubwa zaidi wa binadamu unaokubalika kwa nyaraka ni miaka 122, wa Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997. Muuzaji anayetumia takwimu za wastani kuahidi miaka 150 anachanganya mambo mawili tofauti.

Umri usio na cheti

Sifa za vijiji vyenye wazee wa ajabu nazo zahitaji uangalifu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Kumbukumbu ya jamii huhifadhi vizuri mambo ya namna hiyo: mvua, njaa, vita, au rika ambalo mtu aliingia. Huonyesha nani ni mkubwa kwa nani, lakini si lazima itoe mwaka kamili. Pasipo cheti cha kuzaliwa, miaka 88 yaweza kugeuka 105 bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Chakula au mzizi unaosifiwa kwa sababu ya umri usiothibitishwa hauna ushahidi wowote nyuma yake.

Kutoka panya hadi mtu

Utafiti wa kweli kuhusu kuzeeka upo, na una matokeo ya kuvutia. Mfano mzuri ni rapamaisini, dawa iliyotokana na bakteria waliopatikana katika udongo uliochukuliwa kisiwani Rapa Nui, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 1964. Mwaka 2009, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba panya waliopewa dawa hiyo wakiwa wamekwisha kuzeeka waliishi muda mrefu zaidi: madume kwa takribani asilimia 9 na majike asilimia 14.

Hata hivyo, dawa hiyo hutumiwa hospitalini kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, ili figo iliyopandikizwa isikataliwe. Katika mkoa wenye malaria na kifua kikuu, kudhoofisha kinga ya mtu mwenye afya si jambo dogo. Tena, hakuna jaribio lililokwisha kuonyesha kwamba dawa hiyo hurefusha maisha ya watu. Panya wa maabara hulindwa dhidi ya magonjwa mengi na hula chakula kilichopimwa. Maisha ya mvuvi wa Musoma au mkulima wa pamba wa Bunda hayafanani na hayo.

Hoja inayosikika kuwa na mantiki nayo yaweza kushindwa mtihani. Iliaminika kwamba betakarotini, kiini cha rangi ya karoti, ingelinda seli zisichakae na kuzuia saratani. Nchini Ufini, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika jaribio. Baadhi walipewa vidonge vya betakarotini, wengine hawakupewa. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa takribani asilimia 18. Karoti haikupatikana na hatia. Kilichoshindwa ni kidonge chenye kipimo kikubwa.

Somo la Samunge

Mwaka 2011, maelfu ya watu kutoka mikoa mingi na nchi jirani walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Ilidaiwa kutibu magonjwa sugu, yakiwamo UKIMWI, kisukari na shinikizo la damu. Shuhuda zilienea haraka, na baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao za hospitali.

Kasoro ya ushuhuda ni kwamba aliyepata nafuu husimulia, na aliyefariki hawezi kusimulia. Aidha, maumivu mengi hupanda na kushuka yenyewe. Ndiyo maana majaribio ya kitabibu hugawa watu kwa bahati nasibu katika makundi mawili, hulipa kundi moja dawa na jingine kidonge kisicho na dawa, kisha huhesabu wote, wazima na wafu. Kipimo hicho hakidharau mimea: dawa muhimu ya malaria, atemisinini, ilitoka katika mmea na ikathibitishwa kwa njia hiyo hiyo.

Kilichothibitika kwa wazee

Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya jaribio la wazee 3,845 wenye miaka 80 na zaidi na shinikizo kubwa la damu, kutoka Ulaya, China, Australasia na Tunisia. Waliopewa vidonge vya kawaida vya kushusha shinikizo walikufa wachache zaidi, kwa asilimia 21, kuliko wenzao. Jaribio halikuwahusisha Watanzania, lakini ugonjwa ni ule ule: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba takribani robo ya watu wazima wenye miaka 25 hadi 64 nchini walikuwa na shinikizo kubwa la damu.

Ugonjwa huo kwa kawaida hauumi. Mzee hujiona mzima, huacha vidonge, na fedha iliyobaki huishia kwenye kopo la unga wa kurudisha ujana. Hapo ndipo hasara ya kweli ilipo: kiharusi ambacho kingeweza kuzuiwa.

Kupima shinikizo mara kwa mara, kumeza dawa kila siku kama ilivyoagizwa, kuacha tumbaku, kupunguza chumvi, ikiwamo ya samaki na dagaa waliotiwa chumvi, na kuendelea kutembea: hayo hayana matangazo makubwa, lakini yana ushahidi.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

1. Je, dawa imejaribiwa kwa watu, au kwa seli na panya tu?
2. Je, kulikuwa na kundi la kulinganisha, na wangapi walikufa katika kila kundi?
3. Je, imesajiliwa na mamlaka husika, kama Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala?
4. Je, ina madhara gani, na yawezaje kugongana na dawa nyingine?
5. Je, mnunuzi anashauriwa kuacha dawa za hospitali?

Jibu la "ndiyo" kwa swali la tano latosha kumfanya mnunuzi aondoke. Kwa maswali mengine, asiye na majibu hajathibitisha dai lake, na fedha ya mzee ibaki mfukoni mpaka athibitishe.