Kuchagua Rafadha ya Mashua Ndogo ya Mvuke

Injini ndogo ya mvuke huzunguka polepole lakini kwa nguvu. Hivyo huhitaji rafadha pana kuliko ile ya mota ya umeme iendayo kasi. Hatua ya rafadha ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya ubao. Tuseme hatua ni milimita 50, na majini injini huzunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde. Mwendo wa nadharia ni mita 1 kwa sekunde. Mashua ikipita mita 7 kwa sekunde 10, mtelezo ni asilimia 30.

Injini ikilemewa, punguza hatua au kipenyo. Ikizunguka ovyo, rafadha ni ndogo mno. Mvuke hupotea bure, na boila likikauka motoni huharibika.