Sifuri ya Draivu si Sifuri ya Arduino

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, lakini kwa mbao imejulikana siku nyingi. Anayejiundia hapa mashine ndogo ya CNC, ile inayochonga milango na vibao kwa kufuata maagizo ya kompyuta, hufika mahali pamoja na wenzake wote duniani. Mota ya kuchongea imepatikana, draivu ya kuiendesha imepatikana, Arduino, bodi ndogo ya kuitolea draivu maagizo, iko mezani, na sasa vitu hivyo vinatakiwa vizungumze.

Draivu nyingi za bei nafuu za mota ya DC huchomekwa moja kwa moja kwenye stima ya volti 240, na kasi yake hubadilishwa kwa kirungu cha kuzungusha. Nyuma ya kirungu kuna potenshiometa yenye nyaya tatu. Weka mita kati ya waya wa kwanza na wa tatu, utasoma volti 5, au 10. Arduino nayo hutoa volti 5. Kishawishi kiko wazi: ng'oa potenshiometa, unganisha hasi kwa hasi, peleka mawimbi ya Arduino kwenye waya wa kati, kazi imekwisha. Na kweli itakwisha, pamoja na Arduino.

Kosa haliko kwenye mita. Volti daima ni tofauti kati ya nukta mbili. Nukta moja peke yake haina volti. Ni kama kimo. Jengo la ghorofa kumi kwenye Uganda Road lina mita 30 ukipima kutoka barabarani, na lina zaidi ya mita 2,100 ukipima kutoka ufuo wa Mombasa. Vipimo vyote viwili ni sahihi. Mita yako ilipima kutoka "barabara" ya draivu, na haikukuambia barabara hiyo yenyewe iko wapi ikilinganishwa na sakafu unayosimama.

Tuitafute basi. Stima ya volti 240 ni wastani wa aina yake. Kilele cha wimbi ni 240 mara 1.414, yaani karibu volti 340. Ndani ya draivu, daiodi nne huligeuza wimbi hilo kuwa umeme wa upande mmoja na kuujaza kwenye kapasita kubwa. Waya wa laivu unapokuwa juu, hasi ya kapasita huunganishwa na nyutro, na nyutro iko karibu sawa na ethi. Waya wa laivu unaposhuka chini, daiodi hubadilishana zamu: sasa hasi ya kapasita imeunganishwa na laivu yenyewe. Kwa hiyo ile "sifuri" ya draivu hushuka hadi karibu volti 340 chini ya ethi, mara 50 kila sekunde. Potenshiometa yako imepanda na kushuka nayo muda wote. Ndiyo sababu kirungu chake ni cha plastiki.

Sasa chomeka kebo ya USB. Laptopu nyingi zenye chaja ya plagi ya pini tatu zina hasi iliyounganishwa na ethi. Njia imekamilika kutoka laivu, kupitia daiodi, kwenye Arduino, kwenye USB, hadi ethi. Ukinzani wa njia hiyo ukiwa omu 1, mkondo ni ampea 340 kwenye nyuzi za shaba zilizotengenezwa kubeba nusu ampea. Na laptopu ikiwa kwenye betri, hakuna mlipuko, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi: bati la USB linakaa kimya likiwa hai, likingoja mkono wa mtu aliyesimama kwenye saruji.

Si draivu zote ziko hivyo. Nyingi za aina ya VFD, zinazoendesha mota za fezi tatu, hutenga vituo vya kudhibitia kutoka kwenye umeme mkubwa. Njia ya kujua ni kupima, bila stima. Chomoa plagi, ngoja dakika kumi, kisha hakikisha kwa mita kwamba kapasita imetoka chaji: ya maikrofaradi 1,000 ikiwa na volti 340 imebeba karibu juli 58, nao mzigo huo haujali kwamba plagi imechomolewa. Halafu pima ukinzani kati ya hasi ya potenshiometa na hasi ya kapasita. Omu chache maana yake hazijatengwa. Ukisoma omu nyingi, bado usiitegemee mita pekee. Kinga ya kuongezea ni nafuu mno kuiacha.

Kinga hiyo ni optokapla, kwa mfano PC817, kidude cha miguu minne. Upande mmoja kuna taa ndogo ya LED, upande wa pili transista inayofunguka ikimulikwa. Kati yao hupita mwanga tu, na utengano huo umepimwa kustahimili volti 5,000. LED hutumia takriban volti 1.2. Kwa Arduino ya volti 5, zinabaki 3.8, gawanya kwa omu 470 unapata miliampea 8, mkondo ambao pini inaumudu bila shida. Upande wa transista hulishwa na draivu yenyewe, kutoka kwenye zile nyaya mbili za nje za potenshiometa. Wapo wanaounganisha hasi za pande mbili "ili kupunguza kelele". Afanyaye hivyo amenunua ukuta kisha akautoboa mlango.

Transista iunganishwe vipi? Hapa michoro mingi huteleza. Ukiweka rezista juu na transista chini, LED ikizima transista hufunga, na waya wa kati hupanda hadi volti kamili. Waya wa Arduino ukikatika, mota inakimbia kasi ya mwisho. Geuza: kolekta iende kwenye chanya ya draivu, emita iende kwenye waya wa kati, na rezista ishushe emita hadi hasi. Sasa giza maana yake ni kusimama. Arduino inapowaka upya, kwa muda mfupi pini zake hazitoi chochote, na mota inabaki imetulia. Mawimbi yenyewe, ya takriban 1,000 kwa sekunde katika GRBL, programu inayoendesha CNC kwenye Arduino, husawazishwa na rezista na kapasita upande wa draivu hadi yawe volti tulivu: nusu ya muda ikiwaka, nusu ya kasi hivi. Si nusu kamili, kwa kuwa draivu nayo huvuta mkondo kidogo; rekebisha kwenye mipangilio.

Kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa hahitaji kulifikiria. Kwa mita 2,100 shinikizo la hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 20, na hewa nyepesi hupoza vibaya na huruhusu cheche kuruka kwa wepesi zaidi. Draivu nyingi zimekadiriwa kwa mita 1,000. Juu ya hapo uwezo wake hupunguzwa karibu asilimia 1 kwa kila mita 100. Ile ya kilowati 2.2 ihesabu kama 1.96. Nafasi za hewa kati ya shaba hai na shaba salama kwa kawaida huhesabiwa hadi mita 2,000, nawe umeshapita. Usipitishe njia yoyote ya shaba chini ya optokapla, na pande mbili za bodi ziache milimita 8 au zaidi.

Kitufe chekundu cha dharura kisipitie kwenye Arduino. Programu inaweza kukwama, optokapla inaweza kuungua ikiwa imefunguka. Kitufe kikate koili ya kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku, na kontakta ikate laivu na nyutro za draivu. Kontakta hiyo iwashwe kwa kitufe cha kijani kisha ijishikilie yenyewe, ili stima ikipotea katikati ya mlango na kurudi baada ya robo saa, mkono wako ukiwa ndani unaondoa maranda, mota isiwake mpaka mtu abonyeze.