Hela ya Mtoto Iwe ya Mtoto

Siku ya Idi mtoto huzunguka kwa ndugu na majirani akiwa na nguo mpya, akipewa sikukuu yake: huku mia mbili, kule mia tano, kwa mjomba elfu moja. Jioni anarudi na mfuko umejaa sarafu, na mama anamwambia, "Lete nikuwekee." Krismasi nayo hali ni hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye hela ile imeshanunua nyanya na mafuta ya kupikia, na mtoto akiuliza anajibiwa, "Kwani hapa unakula kwa nani?"

Mzazi huyo hana nia mbaya, na mara nyingi nyumba huwa imekaukiwa kweli. Lakini mtoto ameshapata somo: hela ukiiweka inapotea, usalama wake ni kuila siku ile ile. Mwaka unaofuata ataimaliza kwenye aiskrimu na maputo kabla hajafika nyumbani, nasi tutamwita mharibifu. Ndiyo maana elimu ya fedha kwa mtoto huanza na mzazi. Ukimwekea hela, iandike kwenye daftari mbele yake: tarehe, kiasi, imetoka kwa nani. Ukilazimika kuikopa, mwombe, mtajie siku utakayorudisha, na siku hiyo ikifika irudishe hata kama ni elfu mbili tu. Dawa ya deni ni kulipa, hata mdai akiwa na miaka sita.

Kuzijua fedha zenyewe hakuna ugumu. Mwanao wa miaka minne au mitano mwagie sarafu mkekani, za 50, 100, 200 na 500, azipange na kubadilisha: mia moja ngapi zinafanya mia tano? Akianza shule ya msingi, mtume dukani. Kabla hajatoka, muulize: nusu kilo ya sukari ni 1,500, chumvi 500, nimekupa noti ya 5,000, utaniletea shilingi ngapi? Mwambie ahesabu chenji palepale dukani kabla hajageuka. Akirudi, hesabuni pamoja. Ikiwa imepungua, mrudishe kwa upole akamuulize mwenye duka, au nenda naye. Mtoto anayepigwa kwa kupoteza mia mbili hajifunzi kuhesabu, anajifunza kudanganya.

Jambo ninaloliamini kuliko yote ni hela ya shule. Wazazi wengi humpa mtoto jero, yaani mia tano, kila asubuhi. Anaila saa nne, kesho inakuja nyingine, na miaka yote ya shule ya msingi inapita bila yeye kuamua chochote. Jaribu hivi: mpe hela ya siku mbili kwa mpigo. Akizoea, mpe ya siku tatu, kisha Jumatatu mkabidhi 2,500 nzima, ndiyo mpaka Ijumaa. Ukimwona anainunulia ubuyu na kashata kwa siku mbili, usimzuie. Jumatano atakuja na mikono mitupu. Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa, kwa sababu tunamwonea huruma na kuongeza. Usiongeze. Lakini asishinde njaa pia: mfungie chapati au viazi vya nyumbani, usimseme, usimcheke mbele ya wadogo zake. Jumatatu ijayo mpe kiasi kile kile. Muulize tu, "Safari hii umepangaje?" kisha nyamaza umsikilize. Kosa la shilingi elfu moja akiwa na miaka tisa ni bei nafuu sana, kwa maana kuna watu wazima wanaolifanya kosa hilo hilo kwa mshahara wa mwezi mzima.

Wengine huuliza kama mtoto alipwe kwa kuosha vyombo na kufagia uwanja. Kwa maoni yangu, hapana. Hizo ni kazi za nyumba, na yeye ni mtu wa nyumba. Mlipe kwa kazi ambayo ungemlipa mtu wa nje, na mpatane bei kabla hajaanza.

Kibubu bado kina kazi yake, mradi kiwe na jina na tarehe. "Weka akiba" ni neno kavu kwa mtoto. "Mpira wa shilingi 15,000 kabla shule hazijafunga" analielewa. Muda usiwe mrefu: kwa wa miaka sita mwezi mmoja unatosha, wa miaka kumi anaweza kungoja miezi mitatu. Kila akitumbukiza, aandike kwenye daftari lake. Siku ikifika kivunjeni mbele yake, hela ilingane na daftari, na anunue kile alichokusudia hata kama wewe unakiona cha kipuuzi. Na wewe, usiguse kile kibubu kwa kisu usiku.

Angalia pia maneno yako. Tumezoea kumaliza mjadala kwa "hatuna hela", kisha jioni mtoto anatuona tukinunua vocha. Mwambie ukweli: hela ipo, ila ni ya kodi. Wapangaji wengi mjini hudaiwa miezi mitatu au sita kwa pamoja, na mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuelewa kwa nini kila mwezi kuna noti zinazowekwa pembeni zisiguswe. Umeme wa LUKU ni mwalimu mzuri kwa umri huo. Mpe yeye kazi ya kuingiza namba kwenye mita, aandike uniti zilizopo Jumapili hii na Jumapili ijayo, atafute mwenyewe kilichozila: pasi, jiko, au televisheni inayowaka bila mtazamaji.

Simu inahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu fedha ndani yake hazionekani. Mtoto anaona baba akibonyeza, bidhaa zinakuja, naye hafikirii kwamba kuna kitu kimepungua. Ukimaliza muamala, msomee ujumbe: kiasi kilichotoka, makato, salio. Mpe hesabu hii: kutoa 10,000 mara tano na kutoa 50,000 mara moja, makato yapi makubwa? Namba ya siri usimpe, na umweleze sababu.

Kijana wa darasa la saba au sekondari anaweza kujaribu biashara ndogo wakati wa likizo, kama barafu au karanga. Mkopeshe mtaji, usimzawadie, na umsaidie kutenganisha mafungu matatu: mtaji, faida na deni lako. Iwe ni kujifunza tu. Mtoto asigeuzwe mchuuzi wa kulisha nyumba. Huu ndio umri pia wa kuzungumza wazi kuhusu kubeti. Sheria ya Tanzania inakataza michezo ya kubahatisha kwa aliye chini ya miaka 18, lakini mashine za mtaani zipo karibu na njia ya shule. Muulize: zile sarafu zote zinazotumbukizwa mle, mwenye mashine anapata wapi faida?

Akiba ikizidi kibubu, nendeni benki. NMB wana Mtoto Akaunti, CRDB wana Junior Jumbo, zinazofunguliwa na mzazi kwa jina la mtoto. Beba kitambulisho chako na cheti chake cha kuzaliwa. Uliza ada na masharti ya kutoa fedha naye akiwa anasikia, hela azihesabu yeye mbele ya karani, na stakabadhi aibandike kwenye daftari lake mwenyewe.