Maswali na Majibu: Taashira ya Kifo katika "The Masque of the Red Death"

Hadithi fupi ya Edgar Allan Poe, Marekani, 1842. Katika majibu, ugonjwa unaoua watu hadithini unaitwa Kifo Chekundu. Andika jibu lako kwanza, ndipo usome letu.

1. Eleza maana ya taashira, kisha uitofautishe na tashihisi kwa kurejelea hadithi hii. (alama 4)

Taashira ni matumizi ya kitu kinachoonekana, kama rangi, chombo au mahali, kuwakilisha wazo lisiloonekana. Tashihisi ni kukipa kisicho binadamu sifa au matendo ya binadamu. Chumba cheusi ni taashira ya kifo: kipo tu, na kwa kuwepo kwake kinawakilisha. Mgeni aliyevaa sanda ni tashihisi ya kifo: anatembea, anageuka, anamkabili mtawala.

Mtego wa mtahini ni saa ya mpingo. Saa ni taashira, lakini mwandishi anaipa mapafu ya shaba, na mwishoni inakata roho pamoja na mtu wa mwisho. Hapo ni tashihisi pia. Taja zote mbili.

2. Taja dalili tatu za Kifo Chekundu. (alama 3)

Maumivu makali, kizunguzungu cha ghafla, na damu kuvuja vinyweleoni. Kwamba ugonjwa huanza na kumaliza kazi yake ndani ya nusu saa si dalili, ni muda. Haupewi alama hapa.

3. Jadili jinsi mandhari ya abasia yanavyojenga kinaya kuhusu kifo. (alama 6)

Kinaya ni hali ambapo kinachotokea ni kinyume cha kinachotarajiwa. Mtawala Prospero, baada ya nusu ya watu wa milki yake kuangamia, anajifungia na marafiki 1,000 katika abasia yenye ukuta mrefu na malango ya chuma. Makomeo yanaunganishwa kwa moto ili asiingie mtu wala asitoke (alama 2). Ndani kuna divai, wanamuziki na wachezaji; nje kuna maiti (alama 2). Mgeni haonyeshwi popote akivunja lango. Yumo tu. Ukuta uliojengwa kuzuia kifo kuingia unabaki na kazi moja, kuwazuia walio hai kutoka, na hiyo ndiyo kazi ya kaburi (alama 2).

Wengi huishia kwenye hoja ya pili na kuacha alama 2 mezani.

4. Fafanua taashira ya vyumba saba vya abasia. (alama 10)

Mpangilio (alama 2): buluu, zambarau, kijani, rangi ya chungwa, nyeupe, urujuani, nyeusi. Chumba cha buluu kiko mashariki, cheusi kiko magharibi. Mpangilio ukivurugika, alama hizi hupotea, kwa sababu taashira yenyewe imo katika mfuatano.

Mwelekeo (alama 2): mashariki jua huchomoza, magharibi hutua. Safari ya chumba hadi chumba ni safari ya kuzaliwa hadi kufa. Kila yadi 20 au 30 kuna kona kali, kwa hiyo anayetembea haoni mbali. Vivyo hivyo binadamu hauoni mwisho wake.

Chumba cha saba (alama 3): katika vyumba sita, vioo vya madirisha vina rangi ya mapambo. Katika cha saba mapambo ni mahameli nyeusi, vioo ni vyekundu kama damu. Hakuna taa wala mshumaa ndani. Mwanga hutoka kwenye moto ulio nyuma ya vioo, hivyo kila anayeingia hupakwa wekundu usoni, alama ileile ya ugonjwa. Wachache huthubutu kuingia.

Njia ya mgeni (alama 3): mgeni anapita kutoka buluu hadi nyeusi bila kuruka chumba. Prospero anamfuata mbio na jambia mkononi, naye anafia katika chumba cheusi. Amemaliza umri wote kwa mbio moja.

Angalizo. Vitabu vingi vya mazoezi huambatanisha kila rangi na hatua moja ya maisha: kijani ujana, nyeupe uzee, na kadhalika. Mwandishi hasemi hivyo mahali popote. Andika "inaweza kufasiriwa", utoe ushahidi wa mwelekeo na wa njia ya mgeni. Jedwali la rangi lililokaririwa pasipo ushahidi halistahili zaidi ya alama 3, na hata hizo ni za huruma.

5. Saa ya mpingo ina umuhimu gani? (alama 5)

Saa ni taashira ya muda unaopungua. Imo katika chumba cheusi, si kingine (1). Inapogonga, muziki hukatika, wachezaji husimama, nyuso hubadilika (1). Mlio ukiisha hucheka na kuahidiana kwamba safari ijayo hawatashtuka. Baada ya sekunde 3,600 hushtuka tena (2). Saa sita usiku ndipo mgeni anatambuliwa (1).

6. "Barakoa tupu ndiyo kilele cha taashira." Thibitisha. (alama 6)

Barakoa ya mgeni ina sura ya maiti aliyekakamaa, na mavazi yake yana damu. Prospero anaamuru avuliwe barakoa ili ajulikane ni nani wa kunyongwa alfajiri (alama 2). Amri hiyo humtendea kifo kama mhalifu mwenye jina na shingo. Marafiki wa Prospero wanapomkamata hatimaye, hawapati mwili ndani ya sanda (alama 2). Kifo hakina umbo la kushikwa, kuhukumiwa wala kunyongwa (alama 2).

Ukisimulia tukio bila sentensi hiyo ya mwisho, umetoa muhtasari, hujathibitisha.

7. Mtahiniwa anadai kuwa Kifo Chekundu ni kifua kikuu cha mke wa mwandishi. Tathmini. (alama 4)

Kwa: Virginia Poe alionyesha dalili za kifua kikuu Januari 1842, na hadithi ilichapishwa Mei mwaka huohuo (alama 2). Dhidi: kifua kikuu huua polepole, Kifo Chekundu huua kwa nusu saa, ushahidi wa matini haukubali ugonjwa huo mmoja (alama 2). Dai linakubalika kama chanzo cha hisia za mwandishi, halikubaliki kama maana ya taashira.

8. Ikiwa wote wanakufa, nani anasimulia? (alama 2)

Matini haimtaji. Baadhi ya wahakiki humwona msimulizi kuwa ni kifo chenyewe. Alama 1 kwa kutambua pengo, alama 1 kwa kutoa tafsiri yoyote yenye ushahidi.