Kufundisha Majira ya Mahali kwa Mchezo wa Kusaka Hazina

Utangulizi

Mtoto wa darasa la sita aghalabu huweza kutaja kwamba latitudo huhesabiwa kutoka Ikweta na longitudo kutoka Greenwich. Lakini umtoe nje, umwulize mwembe ulio nyuma ya shule uko wapi duniani, naye atanyamaza. Ameikariri mistari, hajapata kuitumia. Makala hii yaonyesha namna mwalimu mwenye simu moja ya kisasa awezavyo kuondoa upungufu huo kwa njia ya mchezo.

Mchezo wenyewe huitwa jiokashingi. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mfumo wa GPS kwa watumiaji wa kawaida, hata kosa likaweza kufika mita 100. Kizuizi hicho kilipoondolewa, Dave Ulmer wa jimbo la Oregon alitaka kuujaribu usahihi mpya. Tarehe 3 Mei 2000 alificha ndoo yenye vitu vidogo na daftari porini, akatangaza majira ya mahali hapo, yaani namba za latitudo na longitudo. Siku chache baadaye ndoo ilikwisha kuonekana. Kanuni ya tangu hapo ni nyepesi: aliyeona hazina huandika jina lake daftarini, na akichukua kitu huacha kingine chenye thamani sawa au zaidi.

Jambo ambalo mwalimu hana budi kulijua kwanza

Programu za ramani katika simu zimeundwa hasa kwa watu wa barabarani. Ukiandika jina la kijiji, utapelekwa kwenye nukta moja iliyowekwa kuwakilisha kijiji kizima. Ukiomba njia ya gari, utafikishwa ukingoni mwa barabara iliyo karibu na kuachwa hapo. Ukigusa jina la shule katika ramani, utapewa majira ya jina hilo, wala si ya mwembe uukusudiao. Kwa hiyo mahali palipo nje ya barabara hapatafutwi kwa jina. Hupatikana kwa namba tu.

Namba hizo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubonyeza ramani na kushikilia kidole mpaka pini itokee, kisha kusoma majira yake. Njia hii yafaa kwa makadirio, maana kidole ni kipana, na picha za setilaiti zaweza kuwa zimesogea kwa mita kadhaa. Ya pili, iliyo bora, ni kusimama mahali penyewe na kusoma majira ya nukta inayoonyesha ulipo. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti hata bila bando. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, nayo yaweza kupakuliwa mapema.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (a) kusoma na kuandika majira ya mahali kwa usahihi. (B) kugeuza dakika kuwa desimali ya nyuzi. (C) kulikagua jibu kabla ya kumpa mtu mwingine.

Vifaa

Simu ya mwalimu, kopo lenye kifuniko, daftari dogo, penseli, na ramani ya Afrika.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: hesabu darasani. Tuchukue mahali katika eneo la Morogoro: Kusini nyuzi 6 dakika 49.320, Mashariki nyuzi 37 dakika 39.600. Wachezaji wa jiokashingi hupenda kuandika hivi, lakini programu nyingi za simu huonyesha nyuzi zenye desimali. Kwa kuwa dakika 60 hufanya uzi mmoja, 49.320 ÷ 60 = 0.822, na 39.600 ÷ 60 = 0.66. Majira ni -6.82200, 37.66000. Alama ya kutoa husimama badala ya neno “Kusini”.

Sasa wanafunzi watafute katika ramani madhara ya makosa matatu. Anayeandika 6.4932 kwa kudhani dakika ni desimali amesogea zaidi ya kilometa 36 kuelekea kaskazini. Anayesahau alama ya kutoa ameuvuka Ikweta, yuko kusini mwa Ethiopia. Anayetanguliza longitudo yuko Hispania. Watoto watacheka, hata hivyo hawatasahau.

Hatua ya pili: kupima uwanjani. Mwalimu asimame mahali pa wazi, angoje dakika moja au mbili mpaka duara linaloizunguka nukta lipungue. Duara hilo ni kukiri kwa simu kwamba haina hakika kamili: penye anga wazi kosa la simu ni kama mita 5, chini ya miti mikubwa au kando ya ukuta huzidi. Wanafunzi watatu wasome kwa zamu. Wakipata latitudo -6.82203, -6.82198 na -6.82199, wastani ni -6.82200. Desimali ya tano ni kama mita 1.1, kwa hiyo tarakimu za baada ya hapo ni pambo tu. Kinyume chake, anayekata desimali na kubakiza mbili aweza kumpoteza mwenziwe kwa kilometa nzima.

Hatua ya tatu: kuficha na kusaka. Kundi la kwanza lifiche kopo na kuandika majira pamoja na dokezo moja, kama “chini ya jiwe jeupe”. Kundi la pili, lisiloona lilipofichwa, litafute likiongozwa na simu. Simu ikishafika mwisho wa uwezo wake, macho na dokezo ndivyo vitakavyomaliza kazi.

Tahadhari

Mwalimu apakague mahali kabla ya somo: pasiwe na nyoka, kisima wala reli. Aombe idhini ya mwenye shamba. Makaburi na mahali pa ibada paachwe. Kopo lifichwe bila kuchimba ardhi. Kadhalika, mwalimu atakayelinganisha na karatasi za zamani za ramani ya Tanzania za skeli 1:50,000 asishangae kuona tofauti ya takriban mita 300. Karatasi hizo zilichorwa kwa msingi mwingine wa vipimo, uitwao Arc 1960, ambao si ule wa GPS.

Kupima mafanikio

Katika somo hili alama ya vema haitolewi na mwalimu. Hutolewa na kundi la pili: wakiliona kopo, namba ilikuwa sahihi, wasipoliona, makundi yote mawili yakae pamoja kuchunguza kosa liliingia wapi, bila kulaumiana.

Yafaa mwalimu awaeleze watoto kwa nini anadai usahihi huo. Mkulima aliyeumwa na nyoka shambani hana jina la mtaa wala namba ya nyumba. Mtoto wake aweza kuishika simu na kutuma majira. Na ikiwa alama ya kutoa imesahauliwa, au dakika zimeandikwa kama desimali, anayekuja na gari atakwenda kwingine kabisa.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Geuza Kusini nyuzi 3 dakika 22.500 kuwa desimali.
2. Pima majira ya bomba la maji la chuo mara tatu, asubuhi na jioni. Eleza tofauti utakazoona.
3. Andaa somo la dakika 80 kwa shule yenye wanafunzi 70 na simu moja. Onyesha kila kundi litafanya nini wakati simu iko mikononi mwa wenzao.