Kuchagua Kifaa cha Kubadili Njia katika Reli ya Mfano ya Uani

Reli ya mfano ikitandikwa uani mwa chuo huwa zana bora ya kufundishia umeme na mitambo. Upana wa milimita 45, ulioenezwa na treni za LGB zilizoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1968, unatufaa zaidi. Kwa kipimo cha 1:22.5 unakaribiana na mita moja, upana wa Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Reli yenyewe haikutusumbua. Iliyotusumbua ni njia panda, pale ambapo ndimi mbili za chuma husogezwa ili treni ielekee kushoto au kulia.

Hapo awali tulichagua mtambo wa sumaku-umeme wenye koili mbili, ndani ya kisanduku chenye alama IP67. Tarakimu 6 ina maana kwamba vumbi haliingii. 7, kwamba kisanduku chaweza kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila madhara. Tukaridhika. Baada ya masika moja tu, ndimi zilikwama mbele ya darasa zima, siku ya mazoezi ya kufundisha, na mwanachuo wetu akabaki hana la kusema. Kisandukuni tulikuta matone ya maji na kutu.

Maji yalipitia wapi? Swali hilo lilizaa somo jema kuliko lile lililoharibika. Jua hupasha moto hewa iliyomo kisandukuni, nayo hutanuka. Mvua inyeshapo ghafla kisanduku hupoa, kanieneo ya ndani hupungua, na hewa yenye unyevu hufyonzwa penye upenyo wowote, hasa pale waya zinapoingilia. Usiku mvuke huo hugeuka matone, nayo hayana pa kutokea. Alama ya IP, tena, haisemi lolote juu ya miale ya jua inayoifanya plastiki iwe dhaifu.

Tangu hapo twapendelea kisanduku kinachofunguka kwa skrubu zisizoshika kutu, chenye tundu dogo chini la kutolea maji, nacho kiinuliwe juu ya kokoto. Koili ziendeshwe kwa swichi ya kubonyeza na kuachia, maana umeme ukipita mfululizo huziunguza.

Chuo chenye fedha kidogo kisione haya kutumia bomba mbili za sindano zilizounganishwa kwa mpira mwembamba: ukisukuma moja, ya pili husogeza ndimi, wala hakuna umeme unaofika ardhini. Zikijazwa hewa, nguvu nyingi hupotea katika kuigandamiza, hasa mpira ukiwa mrefu. Kwa hiyo sisi hutia maji. Jua huzichakaza nazo, lakini kuzibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Wanafunzi na wapime kwanza mwendo wa pistoni zote mbili, kwa hewa kisha kwa maji, wauandike ubaoni na kubishana, ndipo mwalimu ataje kanuni ya Pascal.